Mumelala aje? Swali tunalolijibu kwa uongo kila asubuhi

Hapa Goma hakuna anayekusalimia asubuhi bila kukuuliza umelala aje. Mama muuza ndizi anamuuliza jirani yake wa meza, mwanamoto anamuuliza mteja, na mimi mwenyewe nawauliza wasikilizaji kila ninapofungua maikrofoni ya matangazo ya asubuhi. Jibu letu sote ni moja: muzuri. Nakumbuka mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka 2025, siku zile risasi zilipokuwa zinapita juu ya mabati na watu wamejilaza chini ya vitanda, jirani yangu aliniita kulipokucha kutoka upande wa pili wa ukuta wa mbao: "Mumelala aje uko?" Nikamjibu muzuri. Hatukuwa tumefumba jicho, si yeye si mimi, na kila mmoja alijua.

Wiki chache zilizopita mama mmoja alinijibu kitu kingine. Nilikuwa nimeenda sokoni kurekodi habari ya bei ya unga. Yeye alikuwa ameketi nyuma ya mafungu yake machache ya sombe. Nikamsalimia kama kawaida, umelala aje mama. "Mi silalake, mwanangu," akasema bila kuinua macho, kama mtu anayesema leo hana chenji. Nikazima kinasa sauti, nikakaa juu ya bido tupu iliyokuwa pale.

Ametoka Masisi. Alikimbia na watoto wanne, akapita Sake, akakaa kambini Bulengo chini ya bashi hadi makambi ya pembeni mwa mji yalipobomolewa mwezi wa pili mwaka 2025. Wenzake wengi walirudi vijijini. Yeye nyumba yake ilichomwa, kwa hiyo alipokelewa na familia moja hapa mjini, kata siitaji, katika chumba kimoja chenye watu tisa. "Nafunga macho tu, inaanza," alinieleza. Ni mambo yaleyale kila usiku: mlango unapigwa teke, mtu anaita jina la mtoto wake, yeye anataka kukimbia na miguu haitoki chini. Anapiga kelele. Watoto wa mwenye nyumba wanaamka wanalia. Majuma ya kwanza mwenye nyumba alifikiri amemwingiza mtu mwenye mapepo nyumbani. Sasa, ili asisumbue watu, mama huyu anajifunga kikwembe na kukaa karibu na mlango mpaka majogoo yawike. Usingizi unamkuta saa sita mchana, sokoni, nyuma ya sombe. Mara mbili wamemwibia pesa ya mauzo akiwa ameinamisha kichwa.

Nilimwomba ruhusa nisimulie habari yake redioni bila jina, akakubali. Siku ile simu ya studio ilijaa ujumbe kuliko siku tuliyozungumza juu ya maji. Baba mmoja aliandika kwamba tangu atoke Rutshuru analala na viatu mguuni. Mwanafunzi wa kike alisema mvua ikianza kupiga mabati anatoka nje na kusimama barabarani, hata akilowa. Mwanamoto alikiri kwamba amesinzia juu ya pikipiki akiwa na abiria. Mzazi aliuliza kama kuna dawa ya mtoto wa miaka kumi aliyeanza tena kukojoa kitandani. Na wengi, wengi sana, walianza ujumbe wao na maneno "msitaje jina langu".

Redioni tuna dakika tano tu. Hapa kuna nafasi zaidi, basi niseme wazi ninachofikiri: kutolala kwa watu waliokimbia vita si pepo, si uvivu, na si jambo la siri kati ya mtu na mkeka wake. Ni jeraha. Na sisi tulio kando yao, wenye nyumba, wachungaji, wenye famasi, waandishi wa habari pia, mara nyingi tunalichokonoa badala ya kulifunika.

Mambo yenyewe yako hivi. Mwili unapokutana na hatari kubwa unaweka mlinzi. Moyo unakwenda mbio, masikio yanasikia mpaka unyasi ukivunjika, usingizi unafukuzwa maana anayelala hawezi kukimbia. Hilo ni jambo jema, limeokoa wengi wetu. Shida inakuja pale hatari inapopita na mlinzi anakataa kuondoka zamuni. Usiku mtu analala nusu. Panya akipita, ameruka. Na akizama kweli katika usingizi, ubongo unamrudishia ile siku, mara kama ilivyokuwa, mara imechanganyika na mambo mengine. Waganga wanauita ugonjwa huu msongo wa baada ya kiwewe. Sisi mtaani tunasema tu fulani ana trauma. Tangu madaktari wa Marekani walipouandika rasmi katika kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980, shida za usingizi zimekuwa kati ya dalili zake. Ndoto mbaya ni dalili, kukosa usingizi ni dalili, kushtuka ovyo ni dalili.

Si kila asiyelala ana ugonjwa huo. Siku na majuma ya kwanza baada ya balaa karibu kila mtu hulala vibaya, na wengi usingizi hurudi wenyewe wanapopata mahali penye utulivu na watu wao karibu. Lakini mwezi ukipita, ndoto zikiendelea, mtu akianza kukwepa kila kitu kinachomkumbusha, akiwa mkali bila sababu, kazi ikimshinda, hapo ni ugonjwa wa kutafutiwa msaada. Na kwetu hawa si wachache. Mwaka 2010 jarida la udaktari la JAMA la Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri. Watu wazima karibu 1,000 walihojiwa. Nusu yao walikuwa na dalili za ugonjwa huu. Nusu! Na ilikuwa mwaka 2010, kabla ya mabomu kuangukia makambi ya Mugunga na Lac Vert tarehe 3 mwezi wa tano mwaka 2024.

Kuna neno moja linalonisumbua katika jina la ugonjwa huo: "baada". Baada ya kiwewe. Askari wa Marekani aliyerudi kutoka Vietnam alikuwa amerudi kwao, bahari nzima iko katikati yake na vita. Kwake "baada" ilikuwepo. Mama wa Masisi amerudi wapi? Usiku hapa mjini bado tunasikia risasi, wezi wenye silaha bado wanaingia nyumba za watu, na asubuhi tunahesabu. Mlinzi aliye ndani yake anapokataa kulala hajakosea kabisa. Kwa hiyo ninakasirika kidogo nikisikia mtu ametoka semina ya hoteli anawaambia wakimbizi kwamba shida iko katika mawazo yao. Nusu ya shida iko katika mlango usio na kufuli.

Semina hizo nimehudhuria. Ushauri wanaotoa juu ya usingizi ni wa kweli, lakini umeandikwa kwa mtu mwenye chumba chake. Laleni mahali pa giza, penye ukimya, penye baridi kidogo. Kitanda kiwe cha kulala tu, msikitumie kwa kazi nyingine. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu alicheka mpaka akafuta machozi: matela moja, watoto watano, na juu ya matela hiyohiyo ndipo wanapolia chakula mvua ikinyesha. Tukiuchambua ushauri ule, hata hivyo, kuna mambo yanayowezekana chini ya bashi au katika chumba cha watu tisa. Kuamka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya. Kutolala mchana kwa muda mrefu; dakika ishirini zinatosha. Kuacha kahawa na chai kali kuanzia mchana, na najua hili ni gumu kwa watu wa Kivu. Usingizi ukikataa, usibaki kulala chali ukipigana nao. Inuka, kaa, fanya kitu kidogo cha mikono, chambua maharage, suka, kisha urudi mwili ukiwa mzito. Na ukishtuka kutoka ndotoni, gusa chini, gusa ukuta, sema kwa sauti ndogo uko wapi na leo ni siku gani: niko Goma, ni Jumanne, mtoto wangu huyu hapa anapumua. Inaonekana ni mchezo wa watoto. Wanaotibu watu hawa wanaifundisha kwa sababu ubongo uliotoka ndotoni haujui saa wala mahali, na ni lazima uambiwe.

Ndoto zenyewe nazo zina njia yake, na wengi wetu hatujawahi kuisikia. Mwaka 2001 daktari wa Marekani anayeitwa Barry Krakow na wenzake walichapisha matokeo ya matibabu ya wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono na walioteswa na ndoto. Hawakuwapa dawa. Waliwafundisha kuchukua ndoto moja, mchana, wakiwa macho, na kuibadilisha namna wanavyotaka: mlango unafunguka upande mwingine, mto una daraja, jirani anatokea na taa. Kisha kila siku, kwa dakika chache, mtu anaipitisha ile ndoto mpya akilini mwake, ile mpya tu. Ndoto mbaya zilipungua, na usingizi ukawa bora. Haidai kusoma wala kuandika, mtu anaweza kuichora mchangani au kumsimulia mwenzake. Lakini usianze na ndoto ile mbaya kuliko zote, na usianze peke yako ikiwa kukumbuka tu kunakutoa jasho. Anza na ndogo, na msaidizi wa kisaikolojia akiwa karibu.

Sasa nije kwenye famasi. Katika ujumbe niliopokea, watu zaidi ya kumi walitaja kidonge kimoja: diazepamu, wengine wanaita Valium. Wananunua kimoja kimoja, bila karatasi ya muganga, kama biskuti. Nimejaribu mwenyewe. Niliingia famasi mbili katika barabara moja nikasema tu silali, na zote mbili walikuwa tayari kuniuzia. Hakuna aliyeniuliza kama nakunywa pombe, wala kama nina ugonjwa mwingine. Kidonge hicho kinalaza, sikatai. Lakini mwili unakizoea upesi, baada ya muda kimoja hakitoshi, na jeraha lililo chini yake linabaki vilevile. Ukikichanganya na kanyanga kinaweza kukuzimia pumzi usingizini. Shirika la Afya Duniani, OMS, katika muongozo wake wa mwaka 2013 lilisema dawa za jamii hiyo zisitolewe kwa wasiolala katika mwezi wa kwanza baada ya balaa, wakubwa kwa watoto. Nani alimwambia mwenye famasi? Kwa wale ambao tayari wanakitumia kwa miezi: msikiache ghafla kwa sababu mmesoma hapa. Kukiacha kwa siku moja kuna hatari yake, kunaweza kuleta hata degedege. Nendeni kwa muuguzi awapunguzie kidogo kidogo.

Wanaume wengi hawaendi hata famasi. Wanakwenda pale wanapouza kwa kipimo cha kikombe. Pombe inamwangusha mtu haraka, lakini usiku wa manane inamwamsha, na usingizi anaopata ni wa vipande vipande. Asubuhi mke anaona mlevi. Ni kweli ni mlevi. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kumuuliza alianza kunywa lini, na usiku wake ukoje?

Juu ya maombi nitasema kwa uangalifu, maana mimi pia nakaa benchi ya kanisa kila Jumapili. Watu wetu wengi wamebaki wazima kwa sababu ya sala, na mama yule wa Masisi ananiambia wimbo wa jioni ndio unaomshikilia. Ugomvi wangu ni na mkesha. Mtu hajalala miezi, unampeleka chumba cha maombi na kumfungisha siku tatu, usiku wote amesimama, ngoma inapigwa, watu wanamzunguka wakipiga kelele pepo itoke. Kwa aliyevamiwa usiku na watu wenye kelele, hayo ni mavamizi mengine. Alitoka pale, alinieleza, akitetemeka zaidi, na wakamwambia imani yake ni ndogo. Wachungaji wetu wanaheshimiwa kuliko mganga yeyote. Wakisema madhabahuni kwamba asiyelala aombewe mchana, kwa sauti ya chini, akiwa amekula, kisha apelekwe kituo cha afya, watu watawasikia kuliko watakavyonisikia mimi.

Watoto. Hapa naomba wazazi wanisikilize vizuri. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani, kisha akaanza tena baada ya kukimbia, hafanyi makusudi wala si mvivu wa kutoka nje. Muongozo uleule wa OMS unalizungumzia: wazazi waelezwe kwamba adhabu inaongeza shida. Na sisi tunafanya nini? Tunampiga, tunamtandika matela kichwani apite nayo mbele ya wenzake, tunamnyima maji kutwa. Najua kwa nini. Blanketi ni moja, sabuni ni pesa, na mwenye nyumba ananusa. Hasira ya mama aliyelala masaa mawili haiko mbali. Lakini mtoto aliyepigwa kwa sababu ya hofu anapata hofu ya pili, na usiku unaofuata anakojoa tena. Mwamshe kabla wewe hujalala, mpeleke haja ndogo, umwachie taa ndogo au mahali karibu na mtu mkubwa. Asubuhi akiwa amelowa, muoshe bila maneno. Akikauka, msifu. Kama anaumia akikojoa, au ana homa, hilo ni jambo la muuguzi.

Nimewasema wengine, sasa nijiseme. Katika redio ninayofanyia kazi, ambayo sitaitaja, habari za jioni zilikuwa zinafunguka na mlio wa risasi. Risasi za kweli, tulizorekodi wenyewe. Tulijivunia. Mama mmoja alituandikia kwamba kila jioni saa moja watoto wake wanaingia chini ya kitanda tunapoanza, na baada ya hapo hawalali. Nilisoma ujumbe wake nikatetea mlio ule kikaoni. Nilisema ukweli wa mji huu ndio huo, hatuwezi kuuficha. Ilichukua ujumbe mwingine wa namna hiyo, na mwingine, mpaka nielewe kwamba habari ni maneno, na mlio ule ulikuwa pambo. Tumeuondoa. Habari za mapigano bado tunazitoa, mtu ana haki ya kujua barabara gani imefungwa, lakini kwa sauti ya mtangazaji tu. Na ninyi mnaotuma video za maiti katika makundi ya WhatsApp saa nne usiku, mkisema "tazama kabla haijafutwa", fikirieni nani anaifungua akiwa peke yake gizani.

Msaada upo? Kidogo upo, na unafanya kazi kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 2013 jarida lingine kubwa la udaktari, New England Journal of Medicine, lilitoa matokeo ya kazi iliyofanyika katika vijiji vyetu vya Kivu, na wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono. Katika vijiji vingine mwanamke alipata mtu wa kumsikiliza na kumsaidia peke yake. Katika vijiji vingine wanawake walikaa kwa makundi, wakafundishwa hatua kwa hatua namna ya kuyashika mawazo yanayowarudia. Miezi sita baadaye, katika makundi, karibu mmoja tu kati ya kumi alikuwa bado na dalili nzito za huzuni au wasiwasi. Upande mwingine walikuwa zaidi ya wanne kati ya kumi. Kwa trauma matokeo yalifanana na hayo. Na waliofundisha hawakuwa madaktari kutoka Ulaya. Walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia wa hapahapa, baadhi yao wakiwa na miaka minne tu ya masomo baada ya shule ya msingi, waliofunzwa vizuri na kusimamiwa. Nikisikia eti kwetu hatuna wataalamu kwa hiyo tusubiri, ninawakumbuka hao.

Msaada wa Marekani uliposimamishwa mwanzoni mwa 2025, miradi mingi ilifungwa au ikapunguza watu, na wasaidizi hawa ndio wa kwanza kuondoka. Mahema wanahesabu, masufuria wanahesabu, magunia ya unga wanahesabu. Sijawahi kuona fomu ya kupokea wakimbizi yenye mstari unaouliza: unalala? Ni swali lisilogharimu hata franka moja. Muuguzi akiuliza kila anayekuja na kichwa kuuma au moyo kudunda, atagundua kwamba nusu ya vidonge vya kichwa anavyogawa anawapa watu wasiolala. Kwa wale ambao hali yao ni nzito, anayesema afadhali nife, anayezungumza na watu wasioonekana, anayeamka akiwa anampiga mke au mtoto bila kujitambua, msingoje. Hapa Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME, na kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kuwaelekeza. Mtu huyo asiachwe peke yake usiku ule.

Lakini kuna jambo moja halihitaji mradi wala mzungu, nalo nililisikia kambini kabla hayajabomolewa. Mabloki mengine wanaume kwa wanawake walipanga zamu. Leo familia ya hema la tatu wanakesha mpaka saa saba, kisha la sita wanapokea. Walikuwa na tochi moja na filimbi. Mzee mmoja aliniambia kwamba usiku wa zamu yake halali kabisa, ila siku nyingine zote analala kama gogo, kwa sababu anajua nani yuko macho. Nimelifikiria sana neno lake. Mlinzi wa ndani anakubali kupumzika akiona kuna mlinzi wa nje. Sasa watu wametawanyika katika nyumba za watu, zamu zile zimekufa, na kila mmoja anakesha kivyake pembeni ya mlango wake. Kwa nini shefu wa avenyu asiite wenye nyumba na wageni wao waipange upya? Najua wengine wataogopa, kutembea usiku siku hizi kuna maswali yake. Basi wasitembee. Wakeshe ndani ya uzio mmoja, watu wawili, na wengine wajue majina yao.

Na mwenye nyumba uliyempokea mtu: umefanya kubwa, Mungu akulipe. Ongeza kidogo. Mgeni wako akipiga kelele usingizini usimtikise, usimshike mabega, anaweza kukupiga akidhani ni yule wa ndotoni. Simama upande wa miguu, washa taa, mwite kwa jina lake polepole mpaka akujibu. Asubuhi usimwulize mbele ya watoto aliota nini.

Nilimpigia mama wa Masisi kabla ya kuandika haya, kumwuliza kama bado anakubali. Mwenye nyumba alikuwa amesikiliza kipindi chetu bila kujua ni mgeni wake anayezungumzwa, kisha akajua. Wamenunua tochi ndogo ya jua, inaning'inia msumarini karibu na mlango, na usiku inabaki inawaka. Mama amehamishiwa upande wa ukuta, mbali na mlango, binti mkubwa wa mwenye nyumba ndiye analala mlangoni sasa. Amekwenda mara tatu kwenye kundi la wanawake kituo cha afya. Siku za mvua bado hali ni mbaya. "Juzi nimelala masaa mane," aliniambia, "mane ya kufuatana." Halafu akakata simu, alikuwa na mteja wa sombe.

Alhamisi jioni tutakuwa na muuguzi studio, atajibu maswali juu ya usingizi kwa saa nzima. Tumeni ujumbe kuanzia sasa. Jina si lazima.